Presha imepanda, mshahara haujapanda: nianzie wapi?

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Mombasa. Nina umri wa miaka 44, naishi Likoni na mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, na watoto wetu watatu. Mwezi wa pili nilipimwa nikakutwa na presha ya 154 kwa 98, na sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 6.4. Nikaandikiwa amlodipini ya kumeza mara moja kwa siku. Tangu hapo nimejitahidi: nimejiunga na jimu kwa shilingi 3,500 kwa mwezi, na nanunua virutubisho vya kusafisha damu kwa shilingi 5,500. Vidonge vya presha navimeza siku ambazo kichwa kinaniuma tu, ili visiishe upesi. Mwisho wa mwezi naishi kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na mke wangu anasema afya yangu itatufilisi. Nimekuandikia matumizi yangu yote ya siku. Nipunguze wapi bila kujiumiza? Ninunue mashine ya kupimia presha? Na je, ni lazima nipikiwe chungu changu peke yangu kisicho na chumvi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nakushukuru zaidi kwa ile orodha ya matumizi kuliko kwa vipimo vyenyewe, kwa sababu wagonjwa wengi huja kliniki na namba za presha lakini ni nadra mtu kuja na hesabu ya alichokula na alicholipa. Nimeisoma mara mbili. Naomba tuipitie pamoja kabla sijakujibu, kwa maana majibu ya maswali yako karibu yote yamo ndani yake.

Umeandika kwamba kila siku ya kazi unakunywa chai ya maziwa na mahamri mawili kibandani kwa shilingi 60; saa nne unachukua soda ya nusu lita na bhajia kwa shilingi 90; na mchana unakula chipsi na kipande cha kuku pamoja na soda nyingine kwa shilingi 250. Hizo ni shilingi 400 kwa siku, na kwa siku 24 za kazi ni shilingi 9,600. Jioni ukishuka kivuko unapanda bodaboda kwa shilingi 50, yaani 1,200 kwa mwezi. Ijumaa na Jumamosi kuna muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, pamoja na soda, peremende na sigara zinazoandamana nao, shilingi 300 kila mara, ambazo ni 2,400 kwa mwezi. Kisha jimu na virutubisho, shilingi 9,000, ambazo kwa maelezo yako ni sawasawa na kodi ya nyumba unayoishi. Jumla yake ni shilingi 22,200 kati ya mshahara wa 45,000 unaobaki baada ya makato. Karibu nusu ya mshahara imekwisha kabla hujalipa kodi, karo wala kununua unga.

Ninachokiona katika orodha hiyo ni kwamba hukubadilisha matumizi yako hata kidogo ulipoambiwa una presha. Uliyaacha ya zamani yote mahali pake, ukayaongezea juu bili mpya inayoitwa afya. Ndiyo maana mke wako analalamika, na kwa maoni yangu ana haki. Afya ya mtu wa hali yako haihitaji bili mpya ya shilingi 9,000. Sehemu kubwa yake imo katika zile shilingi 400 za kila siku, na sehemu nyingine imo katika kidonge ambacho umekuwa ukikibania.

Nianze na kidonge, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari. Umesema unakimeza kichwa kikiuma. Shinikizo la damu kwa watu wengi haliumi mahali popote. Mtu anaweza kukaa na presha ya 170 kwa miaka akila, akifanya kazi na akilala vizuri, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikiharibika polepole. Kichwa kinaweza kuuma kwa njaa, kwa jua la Mombasa, kwa usingizi mchache wa usiku wa muguka, au kwa macho yanayohitaji miwani. Kwa hiyo unapoitumia amlodipini kama dawa ya kichwa, unaimeza siku isiyo na uhusiano wowote na presha yako, na siku presha imepanda kimyakimya hujameza chochote. Isitoshe, dawa hii hufanya kazi kwa kujikusanya mwilini. Huchukua takriban wiki moja ya kumezwa kila siku ndipo kiwango chake katika damu kitulie. Anayeimeza siku kumi kwa mwezi, tena kwa kurukaruka, amelipa fedha ya dawa bila kuipata dawa.

Tazama sasa hesabu yake. Kidonge kimoja unakinunua kwa shilingi 15, yaani ukimeza kila siku ni shilingi 450 kwa mwezi. Kwa kumeza siku kumi tu unaokoa shilingi 300. Mtu anayebana shilingi 300 za dawa iliyothibitishwa kwa miaka mingi, huku akitoa 5,500 kwa unga usiojulikana umewekwa nini, hajakosa nidhamu ya fedha. Amedanganywa kuhusu kitu gani ndicho dawa. Anza kukimeza kila siku, saa ile ile, kama kilivyoandikwa. Ukiona vifundo vya miguu vinavimba, jambo linalowapata baadhi ya watu kwa dawa hii, rudi kwa aliyekuandikia akubadilishie, usijiachishe mwenyewe.

Kuhusu hivyo virutubisho, nitasema waziwazi. Damu husafishwa na figo na ini, tena usiku na mchana bila malipo, na hakuna unga wa kopo unaozisaidia figo zako kuliko presha iliyoshuka. Pengine zilizomo ni mboga zilizosagwa tu, na hapo hasara ni ya mfuko peke yake. Lakini baadhi ya mchanganyiko wa aina hii huwa na mizizi kama ginsengi au urukususu, na urukususu ukitumiwa kwa wingi hupandisha presha na kushusha potasiamu mwilini. Mtu aliyekuuzia huenda ni jirani au jamaa, kwa kuwa biashara hizi hupita kwa watu tunaowaheshimu, na najua kukataa kutakuwa kugumu kuliko kunywa. Mwambie daktari amekukataza. Nitabeba lawama hiyo kwa furaha.

Kuna jambo jingine ulilolitaja kwa kupita tu, nalo limenishtua kuliko hata chipsi: kwamba mgongo ukikuuma kwa kukaa sana unanunua diklofenaki katika duka la dawa, wakati mwingine kwa wiki nzima. Dawa za maumivu za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, hupandisha presha na huzisumbua figo. Vidonge hivyo ni vya shilingi chache, na ndiyo sababu hakuna anayevihesabu katika bajeti wala katika maradhi. Acha kuvinunua bila kuuliza. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli kwa kipimo chake ni salama zaidi kwako, na mgongo wa kukaa kitini hupona zaidi kwa kuinuka na kutembea.

Sasa tuingie kwenye chakula, ambako fedha yako na mwili wako vinavuja kwenye tundu moja. Soda ya kawaida ya nusu lita huwa na sukari inayofikia gramu 50, nazo ni kama vijiko 12 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, kiwango ambacho kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hapo. Soda yako ya saa nne peke yake inamaliza kiwango cha siku nzima. Ya mchana inakirudia. Na bado hatujaihesabu sukari ya chai wala ya mahamri. Kipimo chako cha 6.4 hakijawa ugonjwa wa kisukari, kwa sababu kisukari huthibitishwa kuanzia 7.0 kabla ya kula, tena kwa kipimo kinachorudiwa. Lakini kiko katika lile eneo la kati ambalo mtu anaweza kurudi nyuma akitaka, au kusonga mbele bila kujua. Kwa bei ya shilingi 70 kwa chupa, soda hizo mbili ni shilingi 140 kwa siku na 3,360 kwa mwezi. Unalipa shilingi 3,360 kuipandisha sukari, kisha 5,500 kuisafisha damu.

Kwa hiyo punguzo la kwanza ni la soda, na ni la pekee ambalo sitakuomba ulifanye polepole. Beba chupa ya maji kutoka nyumbani. Ukitamani kitu chenye ladha, ndimu iliyokamuliwa ndani ya maji bila sukari inatosha, na dafu mara moja moja si baya. Usibadilishe soda kwa juisi ya miwa ukidhani umefanya jambo la maana. Muwa ndio sukari yenyewe kabla haijapita kiwandani.

Chipsi ni mada ngumu zaidi, kwa sababu najua huendi kula chipsi tu, unakwenda kukaa na wenzako wa ofisini. Mtu akianza kula peke yake mezani huku wengine wakitoka, baada ya wiki mbili atazifuata chipsi hata kama hana njaa. Pendekezo langu ni kwamba siku tatu kwa wiki ubebe chakula, na siku tatu utoke na wenzako lakini ubadilishe unachoagiza. Cha kubeba kisiwe kipya: wali wa jana na pojo, mbaazi za nazi zisizo nzito, viazi vitamu au muhogo wa kuchemsha na kunde, chapati moja na mchicha. Siku za kutoka, majirani wa vile vibanda vinavyouza chipsi huuza ugali na sukuma wiki na maharagwe, au samaki wa mchuzi, na kwa kawaida sahani hiyo haiizidi bei ya chipsi kuku. Omba chumvi isinyunyizwe juu. Chipsi zenyewe zibakie, kwa mfano, Jumamosi moja moja, bila kuzionea haya.

Kuhusu mahamri sina ugomvi mkubwa, na kumkataza mtu wa pwani mahamri na mbaazi ni kumtafutia sababu ya kukudanganya kliniki. Kula moja badala ya mawili, weka mbaazi nyingi kuliko unga, na punguza kijiko kimoja cha sukari kwenye chai kila wiki mbili mpaka ulimi uzoee. Ulimi huzoea. Nimewaona wazee wa miaka 70 wakifika hapo.

Uliniuliza katika barua kama ni kweli kula vizuri ni ghali, kwa sababu kwenye simu unaona watu wakila shayiri ya pakiti, mbegu za chia, tufaha na mafuta ya zeituni. Chakula hicho ni cha duka kubwa, si lazima kiwe cha afya kuliko cha soko la Kongowea. Mchicha, mnavu, majani ya kunde, mabenda, malenge, pojo, ndizi, papai, machungwa na maembe ya msimu wake ni chakula ambacho mtaalamu yeyote wa lishe angekiandika bila kusita, nacho kinauzwa kwa fungu. Dagaa ni samaki kama samaki wa ghali, na vibua pia. Ila nikiri hapa kwamba si kila kitu ni rahisi: matunda ya kuwatosha watu watano kila siku hugharimu, na lengo la gramu 400 za matunda na mboga kwa kila mtu ni zito kwa familia nyingi za Mombasa. Hapo ndipo ningependa zile fedha za virutubisho ziende. Hata shilingi 2,500 kwa mwezi zikielekezwa sokoni Jumamosi asubuhi, zitawafikia na watoto, ilhali lile kopo linakufikia wewe peke yako.

Jimu sitaisema vibaya, lakini umeandika kwamba unakwenda mara moja kwa wiki, hivyo kila safari inakugharimu shilingi 875. Mwili wako unahitaji angalau dakika 150 za mwendo wa kasi kidogo kwa wiki. Kutoka kivukoni hadi kwako ni dakika 25 kwa miguu kwa maelezo yako; ukitembea jioni sita za kazi umezipata zote 150, na umeokoa shilingi 1,200 za bodaboda. Kile kilima cha kutoka kivukoni ni mazoezi tosha. Ukichelewa kazini usiku na njia ikawa haina usalama, panda bodaboda bila majuto. Jumapili nenda na watoto Mama Ngina mkatembee ufukweni, na usipowanunulia kila kitu kinachouzwa pale itakuwa matembezi ya bure.

Muguka. Nilisita kuuandika kwa sababu katika Mombasa neno hili limekuwa la siasa tangu Mei 2024, serikali ya kaunti ilipotangaza kuupiga marufuku na mjadala ukafika hadi mahakamani na Ikulu. Mimi nazungumzia mishipa yako tu. Majani hayo yana kemikali inayouharakisha moyo na kupandisha presha kwa saa kadhaa, hukata usingizi, na huvuta soda na sigara nyuma yake, kama ulivyoandika mwenyewe. Mtu mwenye 154 kwa 98 anayekula muguka siku mbili mfululizo kisha akapimwa Jumatatu hatajua kipimo hicho ni cha ugonjwa au cha Jumamosi. Ningependa uache. Kama huwezi kuacha mara moja, anza kwa kuacha sigara zinazoandamana nao, kisha siku moja kati ya zile mbili, na usiache kukaa barazani. Kahawa chungu ya tangawizi, kikombe kimoja au viwili, inamfaa mtu kukaa na wenzake bila kashata kila mara.

Tukijumlisha bila kugusa chipsi wala muguka: virutubisho 5,500, jimu 3,500, soda 3,360 na bodaboda 1,200 ni shilingi 13,560 kwa mwezi. Fedha hizo zina tabia ya kuyeyuka zikiachwa kwenye simu, hasa kwa mtu mwenye Fuliza, kwa sababu mkopo huo hujilipa wenyewe mara fedha inapoingia, na hukutoza ada kila siku ambayo deni lipo. Kwa hiyo mwezi wa kwanza usijitie akiba yoyote. Maliza Fuliza kabisa, kisha ujitoe. Usiku wa kuwazia deni nao hupandisha presha. Kuanzia mwezi unaofuata, shilingi 450 za dawa zitoke siku ya mshahara, kabla ya kitu kingine chochote, ununue dozi ya mwezi mzima. Shilingi 2,500 ziende sokoni. Shilingi 1,500 ziwekwe kwenye akaunti ya kufungiwa au katika chama cha mke wako, ziitwe fedha za matibabu, zisiguswe kwa harusi ya mtu. Zinazobaki ni za nyumba, na mke wako ndiye akuambie ziende wapi, kwa kuwa miezi hii yote yeye ndiye aliyelifidia pengo.

Tazama pia hati yako ya mshahara. Asilimia 2.75 ya mshahara wako ghafi inakatwa kwa ajili ya SHIF, yaani bima ya afya ya jamii, utaratibu ulioanza Oktoba 2024 baada ya bima ya zamani ya NHIF kuondolewa. Umekwisha kulipa, kwa hiyo tumia. Hakikisha mke na watoto wameandikishwa kama wategemezi wako, na fanya vipimo vyako vya kawaida katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe Likoni, kwa kuwa huduma za msingi za ngazi ya pili na ya tatu hugharimiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi kwa waliojisajili. Kuna siku utaambiwa dawa zimekwisha, na siku hiyo zile shilingi 450 zitakusaidia; lakini kipimo cha presha, cha sukari na cha mkojo kuangalia figo hakikupasi kukilipia hospitali ya kifahari.

Mashine ya kupimia presha ni kifaa kizuri, ila si cha haraka. Ukiamua kununua, nunua ya kufunga mkono wa juu, si ya kiganjani, na si lazima iwe yako peke yako. Ndugu watatu wanaweza kuchangia moja. Kabla ya kupima, kaa kimya dakika tano, miguu chini, mkono ukiwa mezani, na usiwe umevuta sigara wala kunywa kahawa ndani ya nusu saa. Pima asubuhi na jioni kwa wiki moja kabla ya kwenda kliniki, andika kwenye daftari, kisha uiweke kabatini. Anayejipima mara kumi kwa siku hujitia hofu, na hofu humpa namba anazozihofia. Ikifika 180 kwa 120, tena ukawa na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, udhaifu wa upande mmoja au ulimi mzito, hiyo si siku ya kuhesabu nauli; nenda hospitali papo hapo.

Limebaki suala la chungu. Kiwango kinachoshauriwa cha chumvi ni chini ya gramu tano kwa siku kwa mtu mzima, yaani kasoro ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hicho ni pamoja na ile iliyo ndani ya mkate, bhajia, achari na viungo vya pakiti. Kiwango hicho ni cha kila mtu mzima, hakikuwekwa kwa wagonjwa peke yao, na watoto wanahitaji pungufu ya hapo. Kwa hiyo mke wako asipike vyungu viwili, akamaliza gesi mara mbili na kukufanya mgonjwa mbele ya watoto. Apike kimoja, apunguze chumvi kidogo kila wiki, aongeze ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na bizari. Kile kikopo cha chumvi kiondoke mezani. Na papa mkavu mnayempenda alowekwe usiku kucha, maji yake yamwagwe mara mbili kabla hajaingia kwenye nazi.